Maneno Yatangulie Sauti

Nilizima sauti ya wimbo, na Laurent akaendelea kunibonyeza mkono.

Sikufanya vile kwa utani. Nilitaka kujua, na nilipojua nikatamani nisingejua. Kwenye skrini ya kompyuta vile vistari vya kijani viliendelea kupanda na kushuka kama kawaida, maana wimbo ulikuwa unacheza, ila spika zilikuwa kimya kabisa. Kibandani palisikika cherehani ya jirani yangu Ashiraf na honi za barabarani. Laurent alivikazia macho vile vistari, midomo ameibana, kidole chake kikiwa juu ya kifundo cha mkono wangu. Vikiruka, ananibonyeza. Vikituama, anangoja. Nikamtazama shavu lake, kope zake, na ule mshipa wa shingoni ninaoupenda.

Lazima nieleze kazi yenyewe, kwa sababu mapenzi yetu yalizaliwa ndani yake. Mwaka ule wa 2011 vijana wa Mbarara, huku kwetu Uganda, walikuwa wamepagawa na vile vichezeshi vidogo vya Kichina ambavyo sote tuliviita MP4. Kuingiza nyimbo kila mtu aliweza. Mimi niliingiza na maneno. Unacheza wimbo, maneno yanapanda kwenye kioo, na mstari unaoimbwa unawaka rangi. Siri yake ni faili dogo lenye jina lile lile la wimbo, na ndani yake kila mstari umeandikiwa dakika na sekunde yake. Nilikuwa na programu ya kunirahisishia: nabandika maneno, nacheza wimbo, mstari ukianza nabonyeza kitufe, na saa inajiandika yenyewe. Ukichelewa kubonyeza, maneno yanachelewa, na mteja anarudi amenuna.

Laurent alikuja Januari kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ametumwa na kwaya yake ya kijiji cha Rubondo mle kambini. Walikuwa na nyimbo kumi na mbili, karibu zote kwa Kifuliiru, lugha ya kwao Kivu ya Kusini, Kongo. Mimi binti wa Kinyankore, mtoto wa kambi ya jeshi, ningejuaje mstari unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi? Tukakubaliana awe anagonga meza kila mstari unapoanza. Lakini meza yangu inashikana na ya Ashiraf, na cherehani yake iliitikisa kutwa nzima, basi alama ikahamia kwenye mkono wangu. Nani alipendekeza? Yeye anasema ni mimi. Mimi nasema ni yeye, na hii ni hadithi yangu.

Ananibonyeza, nabonyeza. Hiyo ndiyo alama pekee tuliyokuwa nayo: mstari unaanza. Wimbo ukiisha hakukuwa na alama, aliondoa mkono tu, na mara nyingi hakuuondoa upesi. Nyimbo kumi na mbili zingekwisha kwa wiki tatu. Sisi tulizifanya miezi mitano, kila Jumamosi, na sikumwona hata mmoja wetu akiharakisha.

Kisha wiki ile Adolphe, mwenyekiti wa kwaya, akanirudishia MP4 yake.

"Mademoiselle, maneno inachelewaka," alisema kwa upole, maana ni mtu mpole. "Nyimbo za mbele ziko sawa. Hizi za nyuma, mutu anaisha kuimba, njo maneno inatokea."

Nikafungua mafaili, nikayalinganisha. Za Januari zilikaa barabara. Za Machi zilichelewa nusu sekunde. Za Mei zilichelewa sekunde nzima na zaidi. Kidole kilichobonyeza kitufe kilikuwa changu, lakini kilingoja kidole chake, na kidole chake kilikuwa kinangoja kitu kingine ambacho hakikuwa sauti. Ndiyo maana Jumamosi ile nilizima spika.

Nikasimamisha wimbo. Vistari vikalala.

"Juu ya nini umesimamisha?" aliuliza. Sauti yake ilijaa kibanda kizima. Nikakumbuka kwamba imekuwa kubwa hivyo kwa wiki nyingi, na mimi mjinga nilidhani ni furaha ya kuniona.

Nikageuza uso pembeni, nikamwambia kwa sauti ya kawaida, "Laurent, wewe husikii."

Hakujibu. Nikafungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta, nikaandika kwa herufi kubwa: TANGU LINI?

Aliyasoma maneno yale mawili kwa muda mrefu kuliko yanavyostahili. Kisha akaondoa mkono wake juu ya wangu na kuuweka gotini, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wenyewe.

"Tangu mwezi wa pili," alisema. "Ile sindano ya kifua kikuu. Dokteri alinionya mbele. Alisema, hii dawa inaweza kula masikio. Nikamwambia ikule, bora nipone. Kwanza banamama ba sauti ya juu njo balipotea. Nikaona bako bafungua kinywa tu. Kisha banaume. Sasa nasikia ngoma, na hata ngoma nasikia na miguu. Ingine yote iko kama mvua ku mabati."

NANI ANAJUA?

"Mama. Na weye sasa."

KWA NINI HUKUNIAMBIA

Sikuweka hata alama ya kuuliza. Laurent akacheka kidogo, kicheko kibaya ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

"Nikuambie nini, Natu? Nilikuwa natoka Rubondo kila siku ya posho, kila Jumamosi, juu ya kukugusa mukono. Ukijua sisikii, utatafuta mwengine mwenye masikio mazima akubonyeze."

Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia. Kibanda chetu kimefunguka barabarani, na Ashiraf alikuwa amesimamisha cherehani ili asikie vizuri, kwa hiyo sikufanya lolote. Nikaandika: MIMI SITAFUTI MTU.

"Leo unasema vile. Sikiliza." Akaguna kwa neno lake mwenyewe. "Yenga ijayo, Jumapili, ni siku kuu ya kanisa. Bageni ba kambi ya Oruchinga batakuja, na miye njo naimbisha. Nikiimba mpaka mwisho bila mutu kujua, nitatuma bazee kwa papa yako juma ile ile. Nitakuja na uso wa mwanaume."

NA UKIKOSEA?

"Nikikosa, unarudi kwenu na hatuonane tena. Usikuje Rubondo, nami sikuje hapa. Kweli, Natu. Sitaki bibi wa kunihurumia. Huruma inachokaka."

Nikamtazama. Macho yake hayakuwa ya kutania. Wapo wanaume wanaosema maneno makubwa ili uwabembeleze, na Laurent si mmoja wao. Huyu angekaa kwao Rubondo akazeeka, asinitumie hata salamu, kwa sababu alisema.

Nikaandika: NIPE WIKI MOJA. NITAKUTENGENEZEA MANENO.

*

Wimbo wake wa siku ile ulikuwa "Nihesabu," alioutunga mwenyewe, na kwa bahati ulikuwa wa Kiswahili. Sikuhitaji kidole cha mtu. Kwaya ilikuwa imeurekodi mwaka uliotangulia, kabla ya sindano, na sauti yake mle ndani ilikuwa nzima na ya kujiamini hata ikanitia uchungu kuisikiliza. Niliusikiliza mara nyingi sana. Nililia mara nyingi pia, sioni haya kusema.

Nilivuka maji na mikono mitupu,
ukanihesabu kati ya waliofika.

Nilipanga mstari kwa mstari. Nilipomaliza nikajaribu kuimba kwa kusoma, spika nimezizima, nikaona kosa. Mtu anayesikia husubiri maneno yawake pamoja na sauti. Mtu asiyesikia akiona neno limewaka, tayari amechelewa, kwa sababu hajavuta pumzi. Basi nikarudi mwanzo nikayasogeza yote mbele kwa sekunde moja, ili maneno yatangulie sauti. Kila mstari ungemjia kabla haujafika, apate kujiandaa. Nilijiona nina akili sana. Sikujua kwamba kosa kubwa bado limelala mle mle.

Nikamwambia baba. Ningeweza kunyamaza, lakini sikutaka wazee waje nyumbani wamkute hajui. Baba yangu ni Sajini Naboth. Akiwa na furaha husema Kinyankore, akikasirika huhamia Kiswahili cha jeshi. Nilimkuta anapiga pasi kombati yake, na nilipomaliza sentensi ya kwanza tayari alikuwa amehama.

"Wewe, Natukunda. Huyo mkimbizi iko na shamba wapi?"

"Nakivale, taata. Wamepewa kiwanja."

"Kiwanja ya kupewa. Kesho watu wa ndege wanakuja kubeba yeye, wanapeleka yeye Ulaya, na wewe unabaki hapa kwa mlango yangu na mtoto. Nimeona hiyo mambo."

"Hajaomba kwenda popote."

"Na unasema hasikii." Akaweka pasi chini. "Kabisa hasikii?"

"Kidogo, taata. Karibu kabisa."

"Sasa siku ya mahari mimi nitaongea na yeye namna gani? Nipige filimbi?"

Nusura nicheke. Halafu nikaona uso wake na kicheko kikafia kooni, kwa sababu hakuwa anadhihaki. Alikuwa na hofu. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano, na yule mtu mwenye mikono ya bunduki ndiye aliyenisuka nywele hadi nilipojua kujisuka.

"Mimi nasema mara moja," alisema. "Jumapili ukipita geti kwenda kule, usirudi kupita tena. Nitaacha jina yako kwa kotagadi, kwa askari ya geti. Watakurudisha kama raia."

"Taata, mimi ni raia."

"Toka."

Nikatoka. Jumapili asubuhi nikavaa gauni langu la bluu nikapita geti. Yule askari wa zamu alinisalimia vizuri tu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

*

Kanisa lao lilikuwa la udongo na mabati, sakafu imesakafiwa upya kwa kinyesi cha ng'ombe kwa ajili ya sikukuu, na lilijaa mpaka watu wengine wakasimama nje karibu na bomba la maji la kupampu. Wanaume wanakaa upande wa kulia, wanawake kushoto. Katikati kuna njia, na njia ile hakuna anayeivuka ovyo.

Laurent nilimwona mlangoni tu. Nikampa MP4, sauti yake nimeizima, na kidole changu kikagusa kiganja chake kwa muda mfupi ambao nilikuwa nimeusubiri wiki nzima. Aliificha ndani ya Biblia iliyofunguliwa.

"Nimesemesha kwaya," alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika hadi kwa akina mama wa benchi la nyuma. "Nimewaambia baimbe sawa ku kaseti. Viitikio mbili, basi. Bienfait anapiga ngoma sawa vile."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikaweka kidole kwenye midomo yangu kumwonyesha apunguze sauti. Akatabasamu, na tabasamu lile lingenitosha mwaka.

Mama yake, Mama Viviane, alinishika mkono akanikalisha kando yake. Ni mwanamke mwembamba mwenye kitenge kilichopigwa pasi kwa ustadi ambao baba yangu angeusifu.

"Bwana asifiwe, mama," nikasema.

"Amina. Kaa hapa. Nataka kukusemea mbele baanze." Alinisogelea sikioni. "Sikukatale juu ya kuwa weye ni Muganda."

Mimi ni Mnyankore, lakini haikuwa siku ya kusahihishana.

"Papa yake alikufia ku njia," aliendelea. "Huyu nilimubeba miye mwenyewe ku mugongo, na hakukuwa tena mudogo. Siku alianza kuimba fasi hii, nilisema, haya, Mungu amenirudishia kitu. Sasa hiyo nayo inaenda. Batu bakijua batamwita kiziwi, atavumilia. Lakini weye utakaa naye mwaka moja, mbili. Utasema naye, hasikie. Utaimba, hasikie. Mutoto atalia, hasikie. Kisha utakumbuka ku Mbarara kuko umeme na papa yako. Utaenda. Na njo siku ile atakufa, si leo."

"Sitaenda, mama."

"Kila mutu anasemaka vile akiwa na gauni mupya."

Gauni halikuwa jipya. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini Adolphe tayari alikuwa amesimama mbele anaita kwaya.

Laurent alitoka akasimama mbele ya wote, Biblia mkononi. Nikaona kidole gumba chake kikibonyeza kitufe. Akavuta pumzi kabla ya neno, kama nilivyompangia, akaanza peke yake.

Nilivuka maji na mikono mitupu...

Sauti ikatoka safi. Bienfait akaingia na ngoma, kwaya ikaingia nyuma yake, na kila kitu kikakaa mahali pake kama kwenye kompyuta yangu. Mama Viviane alikuwa amenishika goti bila kujua. Ubeti wa kwanza ukapita. Kiitikio kikaja.

Nihesabu, Baba, nihesabu tena,
usifunge kitabu jina langu liko nje.

Ubeti wa pili ukapita. Nikaanza kufikiri ujinga, nikaanza kufikiri wazee wakiwa sebuleni kwetu na baba yangu amevaa suti yake moja. Kiitikio cha pili kikaja, na hapo mwanamke mmoja wa Oruchinga akapiga kigelegele, akavua kitambaa cha kichwa, akatoka kwenye benchi lake akicheza.

Kama wewe ni wa makanisa yale unajua kilichofuata. Mimi nilikuwa nasali kanisa la kambini, ambako wimbo una beti nne na ukiisha umeisha. Kwa Rubondo, akina mama wakisimama kucheza, kiitikio hakiachwi. Kinarudiwa na kurudiwa mpaka mama wa mwisho atosheke na kukaa. Ngoma inafuata miguu yao. Haifuati kaseti, hata kama mwimbishaji aliomba nini siku ya mazoezi. Wakatoka akina mama watano, wakatoka kumi. Bienfait akawapa ngoma waliyoitaka, polepole na nzito, na kwaya nzima ikarudi juu: Nihesabu, Baba.

Na mwanga wa ile MP4 mkononi mwa Laurent ukaenda ubeti wa tatu.

Aliuimba. Kwa nguvu, kwa moyo wake wote, macho yake hayatoki kwenye Biblia, aliimba ubeti wa tatu juu ya kiitikio cha watu mia tatu. Wa kwaya wakatazamana. Nusu wakamfuata yeye, nusu wakabaki na akina mama, wimbo ukagawanyika. Mtu akacheka. Akina mama wakapunguza kucheza, wakasimama pale walipo, vitambaa mikononi. Kwaya ikanyamaza mmoja baada ya mwingine. Mwishowe Bienfait akaweka viganja vyake juu ya ngoma na kuituliza.

Laurent akaendelea. Peke yake kanisani kote, mstari baada ya mstari, kwa saa kamili nilizoziandika mimi. Hakukosea hata sekunde.

"Yesu," alisema Mama Viviane kwa sauti ya chini. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila uso wake kubadilika.

Nafikiri ni miguu iliyomwambia, sakafu ilipoacha kutetemeka. Aliinua macho. Akaona vinywa vyote vimefungwa. Akaendelea maneno mawili matatu, sauti ikiyumba, kisha ikakatika katikati ya neno. Ndani ya Biblia mistari iliendelea kupanda. Niliona mwanga wake ukimpiga kidevuni. Akanitafuta kwa macho kule upande wa wanawake, akanipata, na macho yake yakaniambia jambo moja tu. Nenda.

Nilisimama.

Mama Viviane akanishika gauni. "Kaa. Weye hujue ya kwetu. Mwanamuke akimushika mwanaume mbele ya mazabahu, na si bwana yake, amejisema ni bibi yake. Haitarudi nyuma. Hata ukitaka kesho, hakuna mwengine atakuoa huku, na kwenu batasikia."

"Kwetu wameshasikia," nikasema.

"Mutoto wangu, nakuomba."

Sijui aliniombea mimi au alimwombea yeye. Nikaitoa mikono yake polepole kwenye gauni langu, nikatoka kwenye benchi, nikakanyaga njia ya katikati. Kanisa zima liligeuka. Mchungaji alifungua kinywa, Adolphe akamgusa bega naye akanyamaza, na kwa hilo nitamheshimu Adolphe maisha yangu yote.

Nilimfikia Laurent. Nikaifunga ile Biblia na MP4 ndani yake, nikamkabidhi Adolphe. Nikamshika Laurent mkono wa kushoto na kuweka kidole changu juu ya kifundo chake, pale pale ambapo yeye aliweka chake kwangu Jumamosi ishirini. Mapigo yake yalikuwa yanakimbia ovyo.

Nikamgeukia Bienfait. "Piga. Kutoka kwa kiitikio."

Akapiga. Kwaya ikasita, kisha akina mama wa Oruchinga wakaanza wenyewe, na wimbo ukasimama tena. Nikasikiliza kwa masikio yangu kwa ajili ya watu wawili. Mstari ulipokaribia, sekunde moja kabla, nikambonyeza.

Alinitazama. Nikaona amenielewa kabla hajafungua mdomo.

Nihesabu, Baba, nihesabu tena...

Nikambonyeza. Usifunge kitabu. Akina mama wakarudi kucheza, nikawatazama miguu, wakitaka tena nambonyeza kiitikio, wakianza kukaa namwashiria kwa kichwa, nampeleka ubeti wa tatu. Hakuna kompyuta ambayo ingeweza kujua yale. Mimi mwenyewe sikujua ninajua. Aliimba macho yake yakiwa kwenye uso wangu, hayana pa kwenda kwingine, na sauti yake haikuwa ile ya kwenye rekodi. Ilikuwa na nyufa. Ilipanda kidogo kupita mahali pake na kushuka kabla ya wakati, na sasa kila mtu mle ndani alijua kwa nini. Wengi walikuwa wanalia. Wengine walikuwa wananitazama mkono.

Wimbo ukaisha. Ngoma ikanyamaza, akina mama wakakaa.

Laurent alibaki amesimama, anangoja kidole changu. Alama ya mwisho hatukuwahi kuwa nayo. Nilichotakiwa kufanya ni kuondoa mkono tu, kama alivyokuwa akifanya yeye, naye angejua umekwisha. Sikuuondoa. Akatazama vinywa vya kwaya, akatazama ngoma, akajua mwenyewe.

"Imeisha, Natu," alisema. Alidhani ananong'ona. Watu mia tatu walimsikia. "Nimekosa, na batu bote bameona. Sasa rudi kwenu, njo vile tulipatana."

Sikuwa na karatasi. Sikuwa na skrini ya kuandikia, wala geti la kupita jioni ile, wala neno ambalo lingemfikia. Nilikuwa na kidole kimoja na alama moja: mstari unaanza.

Nikambonyeza.

Akatikisa kichwa. "Hapana, Natu. Imeisha."

Nikambonyeza tena.

"Papa yako atakukataa." Sauti yake ilikuwa inavunjika mbele ya watu wote na yeye hajui. "Siwezi kukusikia ukiniita. Unaelewa? Hata ukilia usiku, sitakusikia."

Nikambonyeza kwa nguvu, mpaka kucha ikaacha alama, na sasa nami nilikuwa nalia kwa sauti ambayo hakuweza kuisikia. Kule kwenye mabenchi ya wanawake Mama Viviane alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

Laurent alitazama kidole changu. Kisha akafumba macho, akavuta pumzi, na bila ngoma wala kwaya akaanza upya mstari wa kwanza.